Wagonjwa Wanaopona Haraka Mno

Mgonjwa wa kwanza wa darasa letu alipona kabla hatujamgusa.

Alikuwa mgumu wa siku nyingi. Wagumu ndivyo wanavyoitana wapagazi wa Kilimanjaro, na jina wamelichagua wenyewe. Sista aliyekuwa akitufundisha huduma ya kwanza ya porini alikuwa amempa kikaratasi chenye ugonjwa wa kuigiza: kichwa kinapasuka, anatapika, akitembea anayumba kama katoka kwenye pombe ya mbege. Jamaa akalala kwenye mkeka katikati ya ukumbi tuliokodishiwa kule Rau, Moshi, akafumba macho vizuri kabisa. Mwenzetu mmoja akapiga magoti kando yake, akamuuliza kama tulivyoelekezwa.

"Ndugu, unajisikiaje?"

"Fiti," akasema mgonjwa, akaketi.

Ukumbi mzima ulicheka. Sista hakucheka. "Soma karatasi yako."

"Nimeisoma, Sista. Imeshapungua. Naweza kubeba."

Wa pili alikuwa amevunjika mbavu. Akasema amejigonga kidogo tu, twendeni, tutachelewa kambini. Wa tatu alipaswa awe amezimia. Alifumbua jicho moja akamwambia aliyekuwa akimwokoa, "Usijali, kaka, mimi nalala tu."

Sista alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. Ni mama wa huku huku mlimani, aliyefanya kazi wodini mpaka nywele zikaanza kubadilika, na sauti yake haipandi hata akikasirika. "Nimeuguza watu wa kila aina," akasema, "lakini nyie ni wa kwanza kunipotezea ugonjwa niliouandika kwa mkono wangu."

Ilikuwa ya kuchekesha, ila hakuna aliyeuliza kwa nini. Sote tulijua. Mlimani, jioni, guide anayeongoza safari anapita kwenye mahema anauliza watu wanaendeleaje, na jibu ni moja. Anayesema anaumwa anashushwa. Akishushwa, anakumbukwa. Safari ijayo anasimama getini na wenzake, na mzigo anapewa mtu mwingine, bila maneno wala ugomvi. Kwa hiyo midomo ya wagumu imezoea kujibu kabla mwili haujaulizwa, na hata ukiwalipia chai na kuwaomba wawe wagonjwa wa uongo, hawawezi.

Mimi mwenyewe nilikuwa pale kwa shingo upande. Nina kibanda Njoro, nauza na kukodisha mitumba ya mlimani: makoti, glavu, viatu, suruali zisizopitisha maji, na zinazopitisha pia kwa anayeng'ang'ania bei yake. Msimu wa wageni ukifika nafunga kibanda napanda kama guide msaidizi, na tulikuwa tumeambiwa kwamba asiye na cheti cha huduma ya kwanza asijisumbue kuja. Siku ya kwanza nilijaribu kuzungumza na Sista kidogo, kistaarabu.

"Sista, wiki nzima ni kubwa. Fanya siku tatu. Mimi nashika haraka."

"Mama, hapa siuzi nyanya. Kaa."

Nikakaa. Nilichagua kiti karibu na mpishi, kwa sababu tumepanda pamoja mara nyingi na kwa sababu yeye huwa na karanga mfukoni.

Lazima nimweleze vizuri huyu mpishi, maana habari hii ni yake. Ni baba wa makamo, mfupi, mikono mipana. Kule juu ambako maji yanachemka bila kupika kitu, yeye anatoa supu ambayo wageni wanaipiga picha. Lakini alikuwa mpishi msaidizi, wa kumenya viazi na kukwangua masufuria, kwa misimu ambayo nimeacha kuihesabu, na mimi huwa siachi kuhesabu. Sasa ilikuwa imepatikana safari ya kundi kubwa, inaondoka Jumatatu baada ya mafunzo, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye angekuwa mpishi mkuu. Aliyempa nafasi hiyo ni guide mkuu, ambaye naye alikuwa darasani na sisi, safu ya mbele, kalamu mpya, mgongo umenyooka.

Mpishi alikuwa ameshakodi koti kwangu kwa ajili ya Jumatatu hiyo. Hakubishania bei hata kidogo. Nikamwambia, "Wewe unaumwa."

"Nina furaha, dada."

"Ndiyo hiyo nayosema."

Siku ya pili Sista aliniita mbele nimpime mgonjwa aliyekataa kuwa mgonjwa. Jamaa yule yule wa kichwa. Nikapiga magoti, nikamtazama. Mtu akija kibandani kwangu akataja bei, ile bei si bei. Ni salamu. Anaitaja akijua utaikataa, na wewe unaikataa ukijua anajua. Nikaona hapa ni soko lile lile, ila mwenye mali anataka kuuza kidogo kuliko alichonacho.

"Unajisikiaje?"

"Fiti."

"Fiti ya kula ugali ukamaliza, au fiti ya kuuzungusha kwenye sahani?"

Akasita. "Ya kuzungusha."

"Umetapika mara moja?"

"Hapana."

"Basi mara tatu."

"Aisee, mbili tu!"

Darasa likalipuka. Sista akarudisha miwani usoni, akasema, "Mama mitumba, endelea hivyo hivyo." Kisha akatufundisha alichokuwa nacho yeye, ambacho kilikuwa zaidi ya maneno: kushika mshipa wa mkono na kuhesabu mapigo, kuhesabu pumzi bila mgonjwa kujua unamhesabia, kutazama ngozi, kutazama mtu amelalaje. "Mdomo unaweza kupatana na wewe," alisema. "Mapigo hayapatani." Hilo lilinikaa. Nikawa nahesabu mapigo ya kila aliyenipa mkono, na nikimaliza nahesabu tena, maana kitu kikihesabiwa mara moja tu kwangu ni tetesi.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani ilikuwa ya mazoezi porini, upande wa Rombo, juu ya Tarakea, pale mashamba ya migomba yanapoishia na msitu unapoanza. Tulikuwa tumeshafika huko siku iliyotangulia, na wenyeji walitushangaa vya kutosha: watu wazima wanabebana kwenye machela, wanashuka, wanacheka, wanabadilishana, wanabebana tena. Watoto walitufuata mpaka wakachoka.

Asubuhi hiyo tulipata chai na chapati kwa mama mmoja sokoni kabla ya kupanda. Mpishi alizungusha kikombe mkononi. Chapati akaisogeza upande wangu.

"Huli?"

"Nimekula njiani."

Njiani nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, kutoka Moshi mpaka pale. Hakula hata karanga. Nilikula ile chapati yake, sitaki kusema uongo, ila niliweka jambo hilo kichwani.

Tulipofika juu Sista alitukumbusha kanuni moja. Katika mazoezi watu wanalia, wanapiga kelele, wanajifanya. Ikitokea mtu ameumia kweli, anayegundua aseme "kweli tupu", na hapo kila mchezo unasimama. "Neno hilo msilichezee," akasema. Kisha akamchagua mpishi awe mgonjwa wa timu yetu: ameteleza, amevunjika mguu wa kulia chini ya goti. Mimi kiongozi wa timu. Guide mkuu akapewa kazi ya kushika kichwa na shingo.

Tulimkuta kwenye kibonde kidogo, juu ya majani makavu, amelala kwa ubavu, magoti ameyakunja kifuani. Nikafikiri, huyu karatasi yake haikusema hivyo. Mtu aliyevunjika mguu haukunji.

"Unajisikiaje?"

"Mguu," akasema. Hakusema fiti. Hilo nalo nililiona.

Tulikuwa na vipande vya mti vya kufungia mfupa na skafu za kufungia. Nikawaelekeza wawili waushike mguu, waunyooshe taratibu, kama tulivyojifunza. Waliponyoosha, mpishi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, fupi, kama mtu aliyekanyagwa.

Wenzetu wakapiga makofi.

"Eeh! Leo ndiyo umeigiza!"

"Mpeni tuzo huyo!"

Hata guide mkuu alitabasamu pale kichwani. Mimi nilikuwa natazama mikono. Mtu akiumwa mguu, mkono unakwenda mguuni. Mikono yake yote miwili ilikuwa imekwenda tumboni, chini, kulia, ikakaa hapo. Uso ulikuwa na jasho, na pale kivulini kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta.

Nikashika mshipa wake. Nikahesabu. Nikahesabu tena, polepole, nikitumaini mara ya kwanza nimekosea. Sikuwa nimekosea. Moyo ulikuwa unakwenda kama wa mtu anayekimbia, na yeye amelala.

Nikainama karibu. "Ni tumbo."

"Ni mguu, dada. Soma karatasi."

"Limeanza leo?"

"Niache."

"Basi limeanza wiki iliyopita."

Alifumba macho. Nilijua kwa nini hajibu. Guide mkuu alikuwa amekishika kichwa chake kwa mikono miwili, nyuso zimetazamana juu chini, na Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Angenong'ona neno lolote, lingepita mbele ya pua ya bosi wake.

Nikasimama nikasema, "Kweli tupu."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mama mitumba naye kaanza kuigiza!" Nikarudia kwa sauti ya sokoni, ile ya kumwita mwizi wa pochi, na safari hii kicheko kikakatika katikati. Sista alikuwa na timu nyingine upande wa pili wa kibonde. Alifika mbio, kitenge amekishika mkononi.

Hakuuliza mengi. Alimgusa paji la uso, akahesabu mapigo mwenyewe, akanitazama nikamtajia niliyoyapata, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaweka vidole tumboni mwa mpishi, akabonyeza taratibu, akaachia ghafla. Mpishi aliguna alipobonyezwa. Alipoachiwa, alijikunja mzima.

"Zoezi limekwisha," akasema Sista kwa sauti yake ile ile. "Nahofia ni kidole tumbo. Huyu anataka chumba cha upasuaji leo. Asile, asinywe. Leteni machela."

Hapo mpishi akaketi. Sijui alitoa wapi nguvu. Akashika mzizi wa mti kwa mkono mmoja, akajifuta jasho kwa mwingine.

"Sista, asante. Ni gesi tu. Nitatembea." Akamgeukia guide mkuu. "Kiongozi, Jumatatu nitakuwa fiti kabisa."

Guide mkuu aligeuza uso. Alikuwa anatazama majani. Wote tulikuwa tunatazama majani. Machela ilikuwa tayari imewekwa chini, miti miwili iliyopitishwa ndani ya makoti yangu mawili mazuri, na mtu wa kulala juu yake alikuwa amekumbatia mzizi.

"Lala, baba," akasema Sista.

"Nitatembea."

"Kikipasuka njiani hutatembea tena."

"Nitatembea, Sista."

Nikaona Sista anamwambia ukweli wote, na ukweli wenyewe haumfikii, kwa sababu bei aliyokuwa akiiogopa haikuwa mkononi mwa Sista. Nikamgeukia mwenye nayo.

"Kiongozi, mpe neno."

"Tushuke kwanza," akasema guide mkuu, "hayo tutaongea."

Mimi ni mtu wa soko. Mteja akisema ngoja nizunguke kwanza, huyo umeshampoteza. "Hapana," nikasema. "Hashuki bila neno. Mtazame."

Akamtazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama kweli tangu asubuhi, ingawa alikuwa amemshika kichwa. Naye guide mkuu aliwahi kuwa mgumu, alibeba kabla ya kubebewa, na sikuhitaji kumkumbusha. Alichuchumaa.

"Jumatatu huendi," akasema.

Mpishi akaachama.

"Jumatatu huendi. Safari inayofuata, jiko ni lako."

"Kama nani?" nikauliza.

Akanigeukia kwa jicho baya. "Mama, unanidai?"

"Nauliza tu. Jiko ni lake kama nani? Kumenya viazi nako kuna jiko."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Guide mkuu akashusha pumzi. "Mpishi mkuu. Wote mmesikia. Nikirudi nyuma mnikumbushe getini, mbele za watu."

"Sema tena," nikamwambia.

"Mpishi mkuu! Aisee, huyu mama!"

Mpishi akauachia mzizi. Alijilaza mwenyewe kwenye machela, magoti juu, na alipokwisha kutulia akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu, "Linauma tangu jana asubuhi. Usiku nimetapika mara nne."

Mara nne. Mimi ningeanzia tano.

Tulimbeba kwa zamu, sita kwa sita, magoti yake tumeyaegemeza kwenye mkoba. Sista alitangulia akipiga simu hospitali kuwaambia tunakuja na nini. Mimi nilitembea ubavuni nikimshika mkono na kuhesabu, maana ndiyo kazi niliyopewa na sikuwa na nyingine ninayoijua vizuri zaidi. Guide mkuu alishika mti wa mbele na hakukubali kupokewa zamu ilipofika.

Tulipoingia kwenye migomba tulikutana na bibi mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe kichwani, amejaza njia nzima.

"Shikamoo bibi. Tunaomba njia."

"Marahaba." Hakusogea. Alitukagua mmoja mmoja. "Jana mlimbeba mzima, leo tena? Hamna mashamba nyie?"

"Bibi, leo ni mgonjwa kweli."

"Jana pia mlisema hivyo. Yule mgonjwa wenu alinipungia mkono."

Guide mkuu alitaka kusema kitu kikali, nikamwona, lakini mpishi akawahi. Aligeuza kichwa kwenye machela. "Bibi," akasema, "naumwa sana." Bibi aliangalia ule uso, akautupa mzigo wa majani kwenye kahawa ya jirani, akatangulia mbele yetu akipiga kelele kwa Kichagga mpaka barabarani. Hatukuomba tena njia. Hata mtu na ng'ombe wake walikuwa wamesimama pembeni.

Dereva wa gari letu naye alikuwa anakula muhindi wa kuchoma. Alipotuona akasema zoezi la leo limekolea. Sista alimnyang'anya muhindi, akamfungulia mlango. Sisi hatukungoja.

Alifanyiwa upasuaji jioni ile ile. Daktari alimwambia Sista kwamba kidole tumbo kilikuwa kimevimba mno lakini hakijapasuka, na kwamba kama angelala nacho mpaka kesho yake mazungumzo yangekuwa mengine. Sista alituletea habari hizo pale nje ya wodi, ambapo darasa zima lilikuwa limekaa kwenye ukuta mfupi, na matope miguuni. Mtihani wa kuandika tuliufanya siku iliyofuata. Swali moja lilihusu maumivu ya tumbo. Hakuna aliyekosa.

Safari ya Jumatatu iliondoka na mpishi mwingine. Mimi nilikuwemo, kwa hiyo naweza kusema bila kumwonea mtu: tulikula, hatukufa. Tulipotelemka, guide mkuu hakwenda kupumzika. Tulioga, tukapitia kwake, mkewe akatupa chupa kubwa ya mtori, supu ya ndizi, tukaenda wote wawili kumtazama mpishi, aliyekuwa ameshatolewa hospitali na kulazwa na mkewe kwenye kochi sebuleni, mito mitatu, amri kali.

Alipomwona bosi wake mlangoni alitaka kuinuka.

"Kaa," akasema guide mkuu. "Unaendeleaje?"

Mpishi akafungua mdomo. Nikaiona inakuja, ile silabi ya kwanza ya fiti, meno yameshagusa mdomo wa chini. Akaikatia hapo.

"Nikikohoa linavuta," akasema. "Nikicheka linavuta zaidi. Usiku nalala upande mmoja tu."

"Usingizi?"

"Haba."

Guide mkuu alivuta kigoda akakaa karibu na kochi, akaanza kumuuliza mengine, lini nyuzi zinatolewa, daktari kasemaje kuhusu kubeba, na mpishi akawa anajibu moja baada ya jingine, bila kupunguza. Wakafika kwenye tarehe. Guide mkuu akataja safari moja. Mpishi akafikiri, akasema hapana, hiyo ni mapema, daktari anataka apumzike zaidi; ile ya baada yake.

Nilishangaa. Mtu amepewa jiko, analisogeza mbele mwenyewe.

"Sawa," akasema guide mkuu. "Hiyo ya baada yake. Kama mpishi mkuu." Akanitupia jicho. "Mpishi mkuu, nimesema mara mbili, usinisumbue."

Mke wa mpishi akamimina mtori kwenye bakuli, akampa. Mpishi akaonja. Akaushikilia mdomoni kidogo, akatazama dari kama afanyavyo kule juu kambini.

"Nani kapika?"

"Mke wangu," akasema guide mkuu.

Mpishi akameza. Tulimsubiri sote watatu.

"Ndizi hazikuiva vizuri kwenye supu," akasema, "na chumvi ilitiwa mapema." Kisha akanyoosha bakuli aongezewe.